Blanketi, Mkasi na Safina

Blanketi linalofaa ni la zamani, zito, lenye nyuzi zilizosimama. Mwalimu hulisema hili kabla hajasema lolote jingine. Yale mapya mepesi ya sokoni yana uso laini unaoteleza, na picha ikiwekwa juu yake hudondoka mtoto wa kwanza akipiga chafya. Lile la kijivu la sufu, ambalo kila aliyelala bwenini analikumbuka kwa jinsi lilivyomwasha shingoni, hata likishatoboka katikati huwa bado lina pembe nzima. Kuwasha kule ndiko kunakotakiwa. Kipande kimoja kikigandamizwa juu ya kingine, nyuzi za huku huingia katika nyuzi za kule zikashikana, na picha iliyobandikwa blanketi mgongoni husimama ubaoni bila gundi wala pini. Ukiivuta, inatoka. Ukiirudisha, inakaa. Mtoto wa miaka 4 anaweza kuihamisha asubuhi nzima asiharibu kitu.

Ubao wa blanketi ni chombo cha siku nyingi katika shule za Jumapili, na walimu wengi wameuacha tangu picha zilipoanza kupatikana kwenye simu. Mwalimu ninayemwandika hajauacha. Siku tano za juma anafundisha darasa la PP2 katika shule ya chekechea upande wa Shinyalu, Kaunti ya Kakamega. Jumapili anafundisha watoto wa kanisa la Marafiki, wanaojulikana pia kama Quaker. Hakutaka jina lake litajwe. Watoto humwita Mwalimu, wazazi wao humwita Mwalimu, nami nitamwita hivyo hivyo. Nilikaa naye akitayarisha kisa kimoja, cha Nuhu na safina, tangu blanketi likiwa kwenye karai hadi wanyama walipofika mikononi mwa watoto. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika wakati hakuna anayetazama, na ndiyo maana nataka kuieleza.

Kwanza blanketi hufuliwa. Maji huwa vuguvugu, sabuni kidogo, na halikamuliwi kwa kusokotwa. Hugandamizwa tu ukingoni mwa karai mpaka maji yaishe kutiririka, kisha huanikwa kivulini. Likikauka, Mwalimu hulitandaza mezani na kulipiga brashi ya nguo, kwanza kuelekea juu, halafu kuelekea chini, halafu kwa mkato, mpaka uso wake wote uwe umeamka. Hupitisha kiganja. Pakiteleza hupiga brashi tena.

Ubao wenyewe ni kipande cha plaiwudi kilichobaki kwa seremala, upana futi 3, urefu futi 2. Hapa ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza kwamba natazama fundi. Mtu asiyejua angeanza kupiga misumari pembeni. Mwalimu aligeuza ubao kifudifudi juu ya blanketi, akavuta ukingo mmoja, akapiga msumari mmoja katikati ya upande huo. Akaenda upande unaoelekeana nao, akavuta kwa nguvu, akapiga mmoja katikati. Kisha pande mbili zilizosalia, vivyo hivyo. Baada ya hapo akawa anatoka katikati kuelekea pembeni, msumari huku, msumari kule, kila mara akivuta kabla ya kupiga, ili ulegevu wote wa nguo usukumwe mpaka kwenye pembe nne. Pembe zilikunjwa mwisho, mkunjo juu ya mkunjo, zikapigwa misumari miwili miwili. Alipougeuza, hapakuwa na kunyanzi hata moja. Misumari ilikuwa mifupi, imechaguliwa kwa kipimo cha ubao, maana ncha ikitokeza upande wa mbele itakutana na kidole cha mtoto.

Kisha wanyama. Vitabu vya picha vya kisa cha Nuhu vilivyochapishwa ng'ambo hujaza safina twiga, simba na dubu. Mwalimu huanza na wale ambao watoto wa Shinyalu wanawajua. Msitu wa Kakamega uko karibu, masalio ya mashariki kabisa ya ule msitu mkubwa wa mvua uliowahi kuanzia Afrika ya Magharibi ukapitia Kongo, na wanyama wake wengi hawaonekani kwingine nchini Kenya. Kwa hiyo orodha yake ina mbega mweusi mwenye manyoya marefu meupe ubavuni. Ina kima. Ina kenge wa mtoni. Ina kobe, kanga, njiwa na kunguru, hawa wawili wa mwisho kwa sababu kisa chenyewe kinawataka. Na ina hondohondo, ndege mkubwa mweusi na mweupe mwenye kofia ngumu juu ya mdomo, ambaye mbawa zake husikika zikivuma kabla hajaonekana. Hondohondo ana mahali pake maalumu katika somo, nami nitamrudia.

Wanyama huchorwa kwenye nini? Boksi la katoni ni zito, litavuta picha chini. Karatasi ya daftari ni nyepesi mno, itajikunja. Kinachofaa ni kalenda ya ukutani ya mwaka uliopita, ile ngumu inayong'aa upande mmoja na kuwa nyeupe mgongoni. Watu wa kanisani wanajua, na kila Januari humletea kalenda zao kuukuu zikiwa zimeviringishwa. Huchora kwa penseli upande mweupe, kila mnyama akiwa mkubwa kuliko kiganja cha mtoto. Kidogo kuliko hapo, anasema, mtoto mdogo atakitia kinywani. Mistari yake ni michache. Mbega ana umbo moja linalojipinda, mkia unaoning'inia, na shuka jeupe la manyoya. Hana kucha, hana nyusi. Mtoto aliyeketi nyuma anatakiwa amtambue kwa umbo lake peke yake, hata bila rangi.

Rangi alinunua chache. Nyeusi hutokana na masizi ya sufuria yaliyochanganywa na gundi nyepesi. Nyekundu na kahawia hutoka kwenye udongo wa nyumbani kwao, ambao ukichekechwa kwa kitambaa na kutiwa maji huacha rangi nzito ya tofali. Samawati ni buluu ya kufulia nguo. Njano ni manjano ya jikoni. Kijani aliwahi kukitafuta katika majani, akaona kinafifia upesi kikageuka rangi ya nyasi kavu, basi kijani hukipaka kwa krayoni za dukani. Wengine wataona ni umaskini uliomfanya atengeneze rangi. Mimi nimemtazama akikoroga udongo ule kwenye kifuniko cha chupa, akipaka kidogo kwenye ukingo wa karatasi, akingoja ukauke aone utakuwa namna gani, akaongeza tone la maji, na sioni umaskini hapo. Anaijua rangi yake tangu ikiwa ardhini.

Gundi ni unga wa ngano, maji na chumvi kidogo ili isivunde. Unga hukorogwa kwanza kwa maji baridi usiwe na madonge, kisha humiminwa polepole kwenye sufuria ya maji yanayochemka huku mwiko ukizunguka bila kusimama. Ikianza kung'aa imeiva. Huipaka ingali na uvuguvugu, kwa kipande cha sponji, nyuma ya kila mnyama, halafu hubandika blanketi. Habandiki mgongo wote. Anakata kipande kinachofunika nusu ya juu, kwa sababu picha huanza kudondoka kwa kuinama kichwa. Kichwa na mabega vikishikwa, miguu inaweza kuachwa huru, na picha inabaki nyepesi. Wale wakubwa, kama safina yenyewe, huongezewa ukanda mwembamba chini.

Kuna jambo la saa. Kakamega ni nchi ya mvua, na mvua yake ina mazoea: asubuhi huwa jua, adhuhuri mawingu hujikusanya, na alasiri ngurumo huanza, mara nyingine na mvua ya mawe. Kilichopakwa gundi saa nane mchana kitalala na unyevu, na kesho yake kitakuwa na madoa ya ukungu. Kwa hiyo Mwalimu hupaka gundi asubuhi na mapema, huanika wanyama kwenye ungo juani mpaka saa sita, kisha huwapanga kati ya magazeti, ubao juu, na juu ya ubao pasi ya makaa isiyo na makaa. Hulala hapo usiku kucha. Wakitoka wamenyooka, na hawatajikunja tena.

Ufundi wa mkasi nao una utaratibu wake. Mkasi wake ni wa fundi nguo, na hautumii kwa kazi nyingine. Mkono unaoushika karibu hausogei. Karatasi ndiyo inayozunguka, ikisukumwa polepole na mkono wa kushoto ndani ya mdomo wa mkasi, na meno hayafungi mpaka mwisho. Hufunga robo tatu, hufunguka, husonga mbele. Ndiyo maana mkunjo wa mkia wa mbega hauna vipembe. Nilimtazama akikata kanga mzima kwa mkato mmoja usiokatika, kutoka mdomoni mpaka mkiani na kurudi kwa miguu, na alipomaliza alipitisha kidole gumba pembeni kote kabla ya kumweka kando.

Mfuko anaobebea vitu hivi ni mmoja, na Jumatatu hubebwa ule ule. Katika sehemu hizi kanisa na darasa vina historia moja. Marafiki wa kwanza kutoka Marekani, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walifika Kaimosi mwaka 1902, mahali ambapo leo ni Kaunti ya Vihiga, na tangu mwanzo kusali na kusoma vilikwenda pamoja. Agano Jipya katika lugha ya Lulogooli lilitoka mwaka 1925, kazi ambayo Emory Rees aliisimamia, na kwa wengi kitabu hicho ndicho kilichokuwa cha kujifunzia herufi. Hata shule za Jumapili zenyewe, zile alizozieneza Robert Raikes kutoka Gloucester, Uingereza, kuanzia mwaka 1780, zilianzishwa ili watoto waliofanya kazi juma zima wafundishwe kusoma. Mwalimu hahitaji kuambiwa hayo. Yeye anajua tu kwamba kenge wa Jumapili ni kenge wa Jumatatu.

Jumapili watoto hutoka kanisani baada ya nyimbo za kwanza na kwenda kwenye darasa la jirani lenye paa la mabati. Ubao wa blanketi ulikuwa tayari, umeegemezwa kwenye kiti. Haukusimamishwa wima, ulilazwa nyuma kidogo, kiasi kwamba picha iukalie badala ya kuning'inia. Ulikuwa mtupu. Mwalimu hafunui kitu kabla ya wakati wake. Wanyama wote walikuwa mfukoni, na mfuko umefungwa.

Alianza na ngoma. Ilikuwa ngoma ndogo ya isukuti, ile ya tatu katika seti ya kubwa, ya kati na ndogo, iliyoazimwa kwa jirani. Dansi ya isukuti ya Waisukha na Waidakho, wenyeji wa Kakamega, iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, na mojawapo ya mambo yanayoulinda, bila shaka, ni mwanamke anayeibeba ngoma hii mpaka kwa watoto wa miaka 5 asubuhi ya Jumapili. Alipiga pigo moja, akanyamaza. Watoto wakajibu kwa makofi, pigo moja. Alipiga mawili. Hakusema "nyamazeni" hata mara moja; kila alipotaka utulivu alipunguza sauti ya ngoma, nao wakapunguza makofi ili waisikie.

Mvua waliitengeneza wenyewe. Kidole kimoja juu ya kiganja: manyunyu. Vidole viwili. Vidole vitatu, vinne, kisha viganja vizima, kisha miguu sakafuni. Sauti ilipanda mpaka ikajaza chumba, na hapo mvulana mmoja akaanza kugonga benchi kwa vifundo vya vidole. Mwalimu akainua mkono, wote wakatulia.

"Baba, hiyo ni nini?"

"Mvua ya mawe."

"Kweli. Nilikuwa nimeisahau. Tufundishe."

Akawafundisha, na mvua ya Nuhu ikawa na mawe kama mvua ya Kakamega. Niliona jinsi alivyolichukua neno la mtoto na kulipa mahali bila kulipamba. Halafu mvua ikashuka taratibu kwa njia ile ile iliyopanda, miguu, viganja, vidole, mpaka kidole kimoja.

Safina ilibandikwa kwanza, katikati ya ubao, kisha kila mtoto akaingiza mkono mfukoni na kutoa mnyama bila kuchagua. Kazi ya mtoto ilikuwa kumtambua, kumtafutia mwenzake aliyeko mkononi mwa mtoto mwingine, na wawili hao kuja ubaoni pamoja. Mwalimu aliweka mikono yake mgongoni, akaiacha huko. Picha ikibandikwa kichwa chini, iliachwa kichwa chini mpaka mtoto mwenyewe alipoinamisha shingo akaigeuza.

Kulikuwa na msichana mdogo aliyeshika njiwa na hakusimama. Mwenzake mwenye njiwa wa pili alikwisha kufika mbele. Mwalimu alimtazama yule mdogo, akatabasamu, akangoja. Watu wazima wawili waliokuwa mlangoni walianza kumhimiza, naye akawaashiria kwa kiganja. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu wakiuliza swali husubiri kwa kawaida kama sekunde 1 tu kabla ya kuongea tena, na kwamba wakifikisha sekunde 3 majibu ya watoto hurefuka na walio kimya huanza kusema. Mwalimu wetu alingoja muda mrefu zaidi ya huo, na wala uso wake haukubadilika kuwa uso wa mtu anayengoja. Msichana akasimama. Akapita kati ya mabenchi, akabandika njiwa wake juu kabisa ya paa la safina, mahali ambapo hakuna aliyewaza kuweka mnyama, akarudi kukaa. "Njiwa ameona mbali," Mwalimu akasema, akaendelea.

Hapo ndipo hondohondo alipopata kazi yake. Katika kisa, Nuhu akishaingia, mlango unafungwa na Mungu, na watoto wengi hushtuka kwa kufungiwa. Mwalimu akamshika hondohondo, akawauliza nani amewahi kumsikia. Mikono mingi. Akawaeleza jinsi jike anapotaka kutaga anavyoingia katika tundu la mti, mlango ukazibwa kwa udongo ukabaki ufa mwembamba tu, na jinsi dume anavyomletea matunda siku zote hizo na kumlisha kwa ule ufa mpaka kifaranga akue. Kufungiwa humo ni kutunzwa. Alilisema mara moja tu, kwa sauti ya kawaida. Sijasikia mahubiri ya mlango wa safina yaliyonishika kuliko hayo, nayo yalitoka katika msitu ambao watoto hao huokota kuni pembeni mwake.

Kisha swali likaja, kutoka benchi la nyuma: "Mwalimu, na kuku?"

Hakukuwa na kuku. Kakamega, ambapo mgeni wa heshima hupikiwa ingokho, yaani kuku, safina bila kuku haiwezi kuwa imekamilika, na watoto walikuwa wameanza kunong'onezana. Mwalimu akatoa mkasi kwenye pindo la leso yake na mabaki ya blanketi jekundu. Hakuchora. Aliushika mkasi kama nilivyomwona akiushika nyumbani, mkono umetulia, blanketi likizunguka, na ndani ya muda ambao watoto hawakupumua kwa sauti akatoa tetea: mgongo, mkia uliosimama, upanga mdogo, miguu miwili. Kwa kuwa alikuwa blanketi tupu, alishika ubaoni papo hapo. Akakunja kipande kingine mara mbili, akaweka kuku wa kwanza juu yake awe kigezo, akakata jogoo kwa kuongeza mkia. Nikaelewa kwa nini hutembea na mabaki ya blanketi na si ya karatasi.

Maji yalikuwa kitambaa cha samawati kilichopandishwa na watoto wawili, shubiri kwa shubiri, na mvua ilikuwa nyuzi za sufu za kufumia, ambazo hushika blanketi kwa kuwekwa tu. Wadogo walimaliza kwa kufinyanga udongo wa mtoni, kila mmoja mnyama wake.

Wakubwa, wa darasa la nne na la tano, alikuwa na kitu kingine cha kuwapa: kamba ya mkonge. Siku mbili kabla aliilowesha na kuikausha ikiwa imevutwa kati ya miti miwili, maana kamba ya mkonge hupungua urefu ikinyeshewa, na vipimo vyake vingeharibika. Kisha alipima dhiraa, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, akafunga fundo kila dhiraa na kitambaa chekundu kila dhiraa 10, jumla dhiraa 30. Urefu wa safina katika Kitabu cha Mwanzo ni dhiraa 300, upana 50, kimo 30. Wakaenda uwanjani. Wawili wakashika ncha, mmoja akawa anachomeka kijiti mahali kamba inapoishia, mwingine akihesabu. Uwanja ukaisha kabla ya safina. Ikabidi wafungue lango na kuendelea njiani, na bodaboda mmoja akasimama kuwapisha, akauliza wanapima nini, akajibiwa na sauti nyingi kwa pamoja. Kwa dhiraa ya sentimita 45 hivi, urefu huo ni kama mita 135. Walipomaliza, Mwalimu akawaonyesha mkaratusi uliokuwa kando ya njia na kuwauliza kama mti huo ungeweza kusimama ndani ya safina. Wakakisia, wakabishana, mmoja akawekwa chini ya mti na mwingine akarudi nyuma kulinganisha. Hakuwapa jibu siku ile.

Jumatatu, kwenye chekechea, mfuko ulifunguliwa tena. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika nchini kote mwaka 2019, unataka watoto wa PP1 na PP2 wajifunze hisabati kwa kupanga, kuoanisha na kulinganisha vitu wanavyoshika, na kila kipindi ni dakika 30. Wanyama walewale wakapangwa upya: wenye manyoya huku, wenye magamba kule. Kanga akaleta ubishi, kwa kuwa mtoto mmoja alisema ana madoadoa na hivyo akae na kobe. Mwalimu akamwachia kobe jirani kwa muda, akawauliza wengine wanaonaje. Baadaye vifuniko vya soda viligawiwa, vimesuguliwa kwa msasa ukingoni visikwaruze, kimoja kwa kila mguu wa kila mnyama. Miguu ya mbega, miguu ya kuku. Hapo watoto wengine walipogundua kwamba kuku wawili na mbega mmoja wana vifuniko sawa, walitaka kuhakikisha tena na tena, naye akawaacha mpaka kengele ya uji.

Vitendawili ni vyake mwenyewe, vya kwenda na picha. "Kitendawili!" "Tega!" Nimevaa nyeusi nikajitupia shuka nyeupe, sishuki chini. Mtoto aliyejua alitakiwa asiseme. Aliinuka akaenda kumgusa mbega ubaoni. Kwa njia hiyo yule anayezungumza Lwisukha zaidi kuliko Kiswahili naye alijibu kwa usawa, jina likafuata baadaye kwa lugha zote mbili.

Jioni wanyama hukaguliwa mmoja mmoja. Aliyekunjika sikio hurudi chini ya pasi. Aliyepoteza manyoya mgongoni huvuliwa blanketi kwa kitambaa chenye maji na kubandikwa jipya. Tetea wa kukatwa papo hapo ameshakuwa wa kudumu. Ameshonewa jicho kwa uzi mweusi.

Siku niliyoondoka alikuwa na msaidizi, msichana aliyemaliza kidato cha nne anayejitolea kanisani, wakianza kisa cha mikate mitano na samaki wawili. Msichana alikuwa akikata mkate wa kwanza kwa kuzungusha mkasi, na mviringo ukawa na pembe sita.

"Mama, huu umeharibika."

"Haujaharibika. Ni wa kupanga maumbo darasani, uweke kando. Sasa tulia mkono. Zungusha karatasi."

Akamwekea kikombe cha bati juu ya kalenda, akampa penseli, akatoka nje kuangalia mawingu. Mkate wa pili ulikuwa na pembe mbili. Wa tatu ulitoka mviringo. Mwalimu alirudi, akapitisha kidole gumba pembeni mwake, akauweka juu ya rundo la kazi zake mwenyewe, akamwambia akate na vipande vyote vya blanketi kabla hawajabandika sufuria ya gundi, maana jua lilikuwa limebakiza saa mbili.